Ini Litakalobaki: Upasuaji wa Saratani ya Utumbo Mpana Iliyosambaa Kwenye Ini



Mgonjwa ninayetaka tumzungumzie leo sote tumemwona wodini. Ana saratani ya utumbo mpana, kipimo cha CT kimeonyesha vivimbe kwenye ini, na kwenye faili lake tayari pameandikwa: imesambaa, apewe tiba shufaa. Naomba sentensi hiyo isiandikwe tena kabla daktari wa upasuaji wa ini hajaziona picha.

Damu inayotoka utumboni hupita kwanza kwenye ini kupitia mshipa wa lango, na seli za saratani husafiri nayo. Ndiyo maana kati ya robo na nusu ya wagonjwa hawa hupata vivimbe vya ini wakati fulani, na kwa baadhi yao ugonjwa huishia hapo hapo bila kufika kwingine. Vivimbe vyote vikiondolewa, wagonjwa wapatao 4 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya upasuaji, na wapo wanaopona kabisa. Ni saratani chache zilizokwisha kusambaa zinazotupa nafasi kama hiyo.

Hadi miaka ya 1980 tuliongozwa na hesabu ya vivimbe: vikizidi 3, mgonjwa hakupasuliwa. Siku hizi tunauliza ini litakalobaki litatosha au halitatosha. Mfaransa Claude Couinaud aliligawa ini katika sehemu 8 mwaka 1957, kila moja ikiwa na mishipa yake ya damu na mfereji wake wa nyongo, kwa hiyo tunaweza kutoa moja na kuziacha jirani zake salama. Zikibaki angalau sehemu 2 zinazopakana, damu ikaingia na kutoka, nyongo ikapata njia, ini huota upya kwa wiki chache. Kwenye ini lenye afya tunataka ibaki walau asilimia 20 hadi 25 ya ujazo wake. Likichoshwa na tibakemia, 30. Likiwa na sirosisi, 40. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa wazingatie hapo, maana kichocho cha tumbo na homa ya ini B huacha makovu ambayo ripoti ya CT huweza isiyataje.

Ini lisipotosha, tunalikuza kwanza. Mtaalamu wa radiolojia huingiza katheta kupitia ngozi na kuziba tawi la mshipa wa lango linalolisha upande wenye ugonjwa. Damu huhamia upande wa pili, nao hukua ndani ya wiki 3 hadi 6. Vivimbe vikiwa pande zote mbili, tunapasua kwa awamu mbili: kwanza tunasafisha upande utakaobaki, tunasubiri ukue, kisha tunarudi kuutoa ule mwingine. René Adam na wenzake wa Villejuif, Ufaransa, waliieleza njia hiyo mwaka 2000. Mwaka 2012 Wajerumani walitangaza njia ya haraka zaidi: kufunga tawi la mshipa na kulipasua ini katikati kwa siku moja, ili ukuaji unaochukua wiki kadhaa upatikane kwa siku 9 hivi. Katika ripoti yao ya kwanza, asilimia 12 ya wagonjwa walifariki. Kwa maoni yangu, hospitali yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi isianzie hapo.

Chumba cha upasuaji chenyewe kina nidhamu yake. Kabla ya kukata, tunapitisha ultrasaundi juu ya ini lenyewe, na mara nyingine tunakuta kivimbe ambacho CT haikukiona. Mtu wa usingizi anapunguza maji ya dripu ili mishipa inayotoka kwenye ini isijae. Kisha tunabana kifungu cha mishipa kinachoingia kwenye ini, mbinu aliyoieleza daktari wa upasuaji Pringle wa Glasgow mwaka 1908: dakika 15 tumebana, 5 tumeachia, muuguzi akitaja muda kwa sauti. Muuguzi huyo ana haki ya kumsimamisha daktari bingwa, na lazima asikilizwe.

Tibakemia husaidia kuvipunguza vivimbe, ila ikizidi inaliumiza ini. Sipendi ivuke miezi 3 bila picha mpya na kikao kipya, na tukishaisimamisha tunasubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kupasua. Kivimbe kikipotea kwenye picha tusishangilie mapema, kwani mara nyingi seli hai zimebaki pale pale. Utumbo ukiziba au ukivuja damu, tunaanza na utumbo. Ugonjwa wa ini ukiwa mzito na puru halisumbui, ini linaweza kutangulia. Kuunganisha upasuaji mkubwa wa ini na wa puru kwa siku moja nakupinga.

Kwa uvimbe usiozidi sentimita 3, kuunguza kwa sindano ya joto kunakubalika, hasa kwa mgonjwa dhaifu au uvimbe uliozama ndani. Upandikizaji wa ini, uliofufuliwa Oslo, ulipimwa Ulaya kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha zaidi ya nusu wakiwa hai baada ya miaka 5, wakati waliopata tibakemia pekee walikuwa kama 1 kati ya 8.

Kwa wanaotuma rufaa: tuma CD ya picha zenyewe, pamoja na karatasi ya maelezo. Andika kiwango cha CEA, dawa za saratani alizopewa na mizunguko mingapi, tarehe ya dozi ya mwisho, majibu ya homa ya ini B na C, na kama anaweza kupanda ngazi bila kupumzika. Mpeni mgonjwa nakala.