Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Aulizwe

Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Akina Mama katika mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ndugu zangu mliorudi nyumbani kutoka Mjini, Dar es Salaam na Muscat,

Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya kampuni na akina mama wa mwani. Naomba nianzie nyumbani.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989. Kabla ya hapo mama zetu walifukia makumbi, wakasuka kamba za usumba, wakaenda pwani kutafuta pweza. Mwani ndio uliowatia fedha yao wenyewe mkononi. Mimi ni mtoto wa mwani. Sare zangu za skuli na mabati ya nyumba yetu vilitoka kwenye vigingi na kamba.

Lakini kazi hii ni nzito na malipo yake ni madogo. Mama huinama majini kila bamvua, akafunga vipande kimoja kimoja, akasubiri wiki sita hivi, akabeba mzigo mbichi hadi ufukweni. Kilo saba hivi za mwani mbichi zikikauka hubaki kilo moja. Aina yenye bei nzuri zaidi, kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imezidi joto. Inayohimili zaidi ni spinosumu, na bei yake ni ndogo.

Sasa wanakuja wenye hoteli, wanunuzi na mabenki, wanasema wanataka kurudisha kwa jamii. Tuwakaribishe. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini atapona vipi kama hakuulizwa anaumwa wapi?

Mnaijua mashine ya kusagia mwani iliyopo pale kwenye banda letu. Tuliletewa na kampuni moja, tukapiga picha, tukala pilau. Wageni walipoondoka ndipo tulipogundua kuwa mashine inataka umeme wa njia tatu, na banda letu lina wa njia moja. Leo kuku wanatagia juu yake. Msicheke sana, maana siku ile mimi ndiye niliyesimama kutoa shukurani. Sikuuliza hata swali moja. Waliotoa hawakuuliza, na sisi tuliopokea tuliona haya kusema.

Kwa hiyo kamati yetu imekubaliana kwamba kila anayetaka kutusaidia tumuulize maswali matatu.

La kwanza: mali hii ni ya nani? Mnunuzi akikupa kamba na taitai kwa sharti umuuzie yeye tu, kwa bei yake, huo si msaada. Ni mkopo usioandikwa.

La pili: kikiharibika, nani atatengeneza, na kipuri kitatoka wapi?

La tatu: mtanunua? Akina mama wa Unguja wanajua kutengeneza sabuni ya mwani. Hoteli ikituchukulia sabuni kila mwezi kwa ajili ya vyumba vyake, hiyo inatufaa kuliko zawadi ya siku moja. Na sisi tuwe tayari: sabuni ipimwe, ipate alama ya ubora ya ZBS, ifike kwa wakati.

Ndugu zangu, mwaka huu tunachangia vitu vitatu. Cha kwanza ni mashua yenye mashine, ili akina mama wafike kwenye maji ya kina, yenye ubaridi, ambako kotonii inaweza kustawi. Wengi wao hawajui kuogelea, kwa hiyo tumetia majaketi ya kuelea na mafunzo ya kuogelea chini ya mwalimu mwanamke. Cha pili ni chanja za kuanikia, mwani usilale mchangani. Cha tatu ni mizani ya kikundi. Ndiyo yenye gharama ndogo kuliko vyote, na mimi naiona kubwa kuliko vyote. Mama akijua uzito wa gunia lake kabla mnunuzi hajafika, hatapangiwa hesabu.

Safari hii tuliuliza. Kampuni moja imekubali kutoa nusu ya bei ya mashua, sisi tukitimiza nusu iliyobaki, na mashua iandikishwe kwa jina la kikundi. Tukishindwa kutimiza, tusimlaumu mtu.

Fomu ya ahadi imo katikati ya kijitabu hiki. Usiangalie jirani ameandika ngapi. Mkumbuke aliyekusomesha, alivyorudi pwani jioni na kanga iliyolowa chumvi, kisha andika.

Wabillahi tawfiq.