Kilima Kilipozuia Sauti: Funzo la Ramani kwa Walinzi wa Amani



Leo tunazungumzia ramani. Watafiti wa machafuko ya kisiasa hawaulizi tu ni watu wangapi waliouawa. Huuliza pia tukio lilitokea mahali gani hasa, na kwa nini hapo. Mfano mmojawapo unatoka nchini mwetu.

Redio RTLM ilianza matangazo yake mwaka 1993, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hata hivyo, mawimbi yake yalizuiwa na vilima, na nchi yetu ni ya vilima elfu. Mchumi David Yanagizawa-Drott alikadiria kwa kompyuta ni vijiji vipi vilivyofikiwa na mawimbi hayo na vipi vilivyokingwa na vilima, kisha akalinganisha na hesabu za washtakiwa wa mahakama za gacaca. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo hayo. Aliona pia kwamba ukatili wa wanamgambo ulienea hadi vijiji jirani.

Hapa tunajifunza mambo matatu. Kwanza, neno la chuki huua. Pili, makadirio hayo hayampi mtu udhuru: redio haikushika panga, na kila mshiriki anawajibika kwa tendo lake. Tatu, hesabu za gacaca zilitokana na wananchi waliosimama mbele ya majirani zao wakasema nani alifanya nini, na wapi. Bila ushuhuda wao ramani ingebaki tupu.

Ndugu wananchi, uchochezi wa leo husafiri kwa simu, wala hausubiri kuvuka kilima. Kinga iliyobaki ni sisi wenyewe. Ukipokea ujumbe wa chuki, usiusambaze, utoe taarifa. Ukiona dalili ya vurugu, piga 112, utaje sekta, seli, kijiji, saa na alama iliyo karibu. Kusema “kule bondeni” hakutoshi, kwa kuwa doria inayotafuta njia hupoteza dakika ambazo zingeokoa uhai.

Mwenye macho ya kwanza ni jirani. Tushirikiane.