Sanduku la Gia na Risiti ya Mkulima

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Mkutano wa Kuadhimisha Miaka Kumi



Wasemaji walionitangulia wamezisifu kahawa na maharage yetu, na sifa hizo zimestahili. Mimi nimeomba nafasi ya kusema habari ya kitu kidogo kisichosifiwa na mtu, kilichofichwa chini ya mashine yetu ya kupiga chapa. Kitu hicho ni giaboksi, yaani sanduku la gia. Naomba mnisikilize kwa subira, kwa sababu kabla ya mkutano huu kufungwa mtaombwa kuinua mikono juu ya fedha za kununua masanduku mawili mapya, wala si haki mtu kuombwa fedha yake kwa kitu asichokijua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliona vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976, na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo wajua ya kuwa chama chaweza kuondoka na kurudi, lakini karatasi iliyo mkononi mwa mkulima hubaki kuwa shahidi wake. Siku hizi simu nayo huleta habari za malipo, na jambo hilo ni jema. Hata hivyo mkulima anapopima mzigo wake ghalani bado hutaka risiti ya kuweka sandukuni. Ndiyo maana tuliamua kupiga chapa risiti zetu wenyewe.

Mashine yetu, kama mnavyoijua, ina vituo viwili. Karatasi hutoka katika roli, hupita kituo cha kwanza ambako hupigwa maandishi meusi, kisha kituo cha pili ambako hupigwa mistari myekundu na visanduku vya tarakimu. Mota moja ya umeme huzungusha mhimili mrefu uliolala chini ya mashine. Katika kila kituo pana sanduku la gia linalopokea mzunguko wa mhimili huo, kuugeuza pembeni, kuupunguza mara tano, na kuupeleka kwenye silinda ya kupigia chapa. Mhimili ukizunguka mara 500 kwa dakika, silinda huzunguka mara 100. Silinda zote mbili hazina budi kwenda sawasawa, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja.

Miaka mitatu iliyopita sanduku la kituo cha pili lilivunjika. Halmashauri ikanituma nitafute jingine. Nililipata moja ambalo bei yake ilikuwa theluthi ya lile la asili. Lilikuwa la nguvu ya kutosha, lilipunguza mara tano barabara, na lilikaa vizuri mahali pake. Nikarudi nikifurahi kwamba nimekiokolea chama fedha, na baadhi yenu mlinipigia makofi. Leo nakiri mbele yenu ya kuwa nilikosa. Muuzaji hakunidanganya; mimi sikujua la kumwuliza.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Kisha mistari myekundu ikaanza kuhama. Risiti zetu hulala ubavu juu ya karatasi inapopita, kwa hiyo silinda ya pili ikitangulia au ikichelewa, mistari husogea kulia au kushoto. Msimu uliofuata bibi mmoja alikuja ofisini na risiti yake. Karani alikuwa ameandika tarakimu kwa kufuata visanduku vyekundu, na msomaji alisoma kwa kufuata vichwa vyeusi vya mamia, makumi na mamoja. Haikuwezekana kusema kwa hakika kama ile 8 ilikuwa ya makumi au ya mamia. Bibi yule akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui kusoma, ndiyo sababu nilitaka karatasi isiyoongopa." Tulitazama kitabu cha mizani tukampa haki yake. Lakini maneno yale yalinilaza macho.

Sasa nieleze kosa lilikuwa wapi. Kila mmoja wetu amepanda baiskeli iliyopakia dumu za mawese. Mnyororo ukilegea, mguu husukuma kanyagio kidogo kabla gurudumu la nyuma halijaitika. Nafasi ile tupu mafundi huiita mchezo. Kila gia ina mchezo, kwa maana meno yasipoachiana nafasi hata kidogo yatasagana na kuungua. Katika mashine ya kusaga mahindi mchezo mkubwa haudhuru kitu. Unga ni unga. Katika kupiga chapa mambo ni mengine. Silinda husukumwa, kisha huvutwa na karatasi, kisha husukumwa tena, kama baiskeli ipandayo na kushuka vilima. Kila igeukapo hivyo, huruka ile nafasi ya mchezo, na rangi ya pili hukosa mahali pake.

Mchezo hupimwa kwa digrii, na digrii moja hugawanywa katika dakika 60. Silinda yetu ina mzingo wa milimita 600. Gawanya kwa 360, utaona ya kuwa digrii moja ni milimita 1.67 juu ya karatasi. Sanduku lenye mchezo wa dakika 5 litakosea kwa sehemu ndogo tu ya milimita, yaani 0.14, ambayo jicho la mkulima haliioni. Lenye dakika 20 litakosea kwa zaidi ya nusu milimita. Lile nililolinunua mimi lilipolika lilifika digrii moja na nusu, ambayo ni milimita 2.5. Visanduku vyetu vya tarakimu vina upana wa milimita 5. Basi tarakimu ilikwisha kuhama nusu ya nyumba yake.

Kwa nini lililika upesi? Kwa sababu ya aina yake. Ndani yake mlikuwa na gia iliyochongwa mfano wa skrubu, inayosukuma meno ya gurudumu la shaba. Aina hii ni ya bei nafuu, haina kelele, na hufaa sana kwa kazi nyingi. Lakini skrubu haibingirishi, husugua. Kusugua huzaa joto, joto hula nguvu na kulainisha mafuta, na shaba hupungua kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tulijaziwa kibaba cha hasara.

Aina ya pili ni gia mbili za mfano wa pia, zilizokutana kwa pembe, zenye meno yaliyopinda. Meno haya hushikana polepole, moja halijaachia kabla jingine halijashika, kwa hiyo mzunguko huwa laini wala karatasi haipati milia. Hubingirika zaidi kuliko kusugua, hupoteza nguvu kidogo tu, na fundi aweza kurekebisha mchezo wake kwa kuongeza au kupunguza vibati vyembamba. Lile la asili lilikuwa la namna hii.

Aina ya tatu huitwa gia ya sayari, kwa kuwa gia ndogo kadhaa hulizunguka gurudumu la katikati kama sayari zinavyolizunguka jua. Zilizo bora zina mchezo wa dakika 3 au chini yake. Viwanda vikubwa vya magazeti huzitumia mahali ambapo kila kituo kina mota yake inayoongozwa na kompyuta. Ni kitu kizuri, lakini kwetu kingedai kubadili mashine nzima. Usahihi usiohitajiwa ni ubadhirifu, kama vile usahihi uliopungua ulivyo hasara.

Ndugu Wanachama, nimeandika maswali matano, nami nataka yabandikwe mlangoni mwa ofisi ili katibu yeyote ajaye asirudie kosa langu.

La kwanza: kazi yataka nguvu gani ya kusokota? Chukua kilowati, zidisha kwa 9550, gawanya kwa mizunguko ya silinda kwa dakika. Kituo chetu hutumia kilowati 1.5 kwa mizunguko 100, yaani Nyutoni-mita 143. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, mashine hupata kishindo. Basi ongeza nusu yake, na utafute sanduku la Nyutoni-mita 215 au zaidi.

La pili: mchezo wake ni dakika ngapi likiwa jipya, na je, waweza kurekebishwa likichakaa? Muuzaji asiyejua jibu la swali hili asipewe fedha.

La tatu: meno ni mangapi hasa? Kitabu cha muuzaji chaweza kuandika tano kwa moja, kumbe gia kubwa ina meno 59 na ndogo 12, na hesabu yake ni 4.92. Kwa mashine ya kusaga si kitu. Kwetu silinda ya pili ingeitangulia ya kwanza kwa milimita 10 hivi katika kila mzunguko. Kwa hiyo masanduku yanunuliwe mawili pamoja, ya aina moja na hesabu moja ya meno, na uhakikishwe upande yanakozungukia.

La nne: litakula mafuta gani, na litajikinga vipi na vumbi? Vumbi letu jekundu la kiangazi mwalijua. Likiingia katika mafuta huwa msasa. Mipira ya kuzibia iwe mizima, na mafuta ya gia yasichanganywe na mafuta ya injini.

La tano: vipuri vitatoka wapi? Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Dar es Salaam bado i mbali kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Beringi zenye namba za kawaida hupatikana hata katika maduka ya miji yetu. Beringi ya namba ya pekee yaweza kuisimamisha mashine msimu mzima.

Tena nawapa kipimo kisichohitaji chombo cha gharama. Mtu mmoja aushike imara mhimili wa kuingilia usitikisike. Mwingine afunge ufito wa chuma wa mita moja katika mhimili wa kutokea, kisha autikise taratibu. Ncha ya ufito ikicheza milimita 6, mchezo ni kama dakika 20, na sanduku hilo halitufai. Isipozidi milimita moja na nusu, ni kama dakika 5, nalo litatufaa. Nimewaagiza mafundi kufanya hivyo kila mwanzo wa msimu na kuandika katika daftari, ili tuuone ugonjwa kabla haujawa kilema.

Tangu mwaka jana tumekisimamisha kituo cha pili, na risiti zetu hupigwa kwa rangi nyeusi peke yake, mistari ikiwa imechorwa katika sahani ileile ya maandishi. Zinasomeka, lakini ni rahisi zaidi kuigwa na wenye hila, maana rangi mbili zilizokaa sawasawa ndizo alama yetu. Kwa hiyo Halmashauri inawaletea ombi la masanduku mawili ya gia za pembe zenye meno yaliyopinda. Bei yake ni kubwa kuliko ile iliyonipatia makofi. Sitaki makofi leo. Nataka mwulize maswali, na mkiridhika, ndipo muinue mikono.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chama chetu kimetimiza miaka kumi kwa sababu mkulima alileta mzigo wake akaamini atakachoandikiwa. Imani hiyo hupita katika mizani, katika kalamu ya karani, na hata katika meno ya chuma yasiyoonekana. Bibi yule bado ni mwanachama wetu. Msimu ujao nataka nimkabidhi karatasi isiyoongopa.