Vijipicha na vitufe: mvutano ndani ya programu ya KiCad

Mwaka 1992, mhadhiri mmoja wa Ufaransa, Jean-Pierre Charras, alianza kuunda KiCad, programu ya kuchorea saketi za elektroniki. Programu hiyo ni huria: kila mtu huipata bure, na mwenye ujuzi anaweza kuibadili.

Anayeifungua kwa mara ya kwanza huongozwa na aikoni, yaani vijipicha vilivyopangwa pembezoni mwa skrini. Kijipicha kisichoeleweka humpoteza njia. Mzoefu, kwa upande wake, havitazami sana. Mkono mmoja uko kwenye kipanya, wa pili kwenye kibodi: M huhamisha kifaa, R hukizungusha. Katika mchoro wa saketi, W huanzisha waya. Katika bodi, X huanzisha njia ya shaba.

Toleo la 6, lililotoka Desemba 2021, lilileta aikoni mpya. Hapo ndipo ulipo mvutano. Sura inayomrahisishia mgeni yaweza kumsumbua mwenyeji, kwani jicho lake hutafuta ile ya zamani. Mazoea yana taabu, walisema wahenga.

Kwa vitufe, dawa imo ndani ya programu yenyewe: kila mtumiaji aweza kujipangia apendavyo. Aikoni si hivyo. Picha moja huwatumikia wote. Ndiyo maana anayeichora hana budi kumfikiria kwanza mwanafunzi asiye na mwalimu kando yake. Mzoefu atasumbuka kwa siku chache. Mwanafunzi huyo, akikwama, huenda asirudi tena.