Saa ya Ukutani

Mwalimu wa serikali nchini Kenya hustaafu akitimiza miaka 60. Mjini hupikiwa pilau, akapewa saa ya ukutani. Lakini aliyefundisha Faza au Kizingitini, visiwani Lamu, ana hesabu nyingine: miaka ya kupanda mashua Mokowe, shati limelowa, daftari za wanafunzi zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki mapajani, nahodha akingoja maji yajae ndipo apite mlango wa bahari wa Mkanda. Baada ya shambulio la mji wa Mpeketoni, huko huko Lamu, Juni 2014, baadhi ya walimu waliotoka bara waliomba uhamisho, na nani awalaumu? Aliyebaki darasani siku zile, saa ya nini? Apewe pensheni yake mwezi uo huo anaostaafu, asifunge safari ya Nairobi kufuatilia faili.