Kukaa Katika Mtumbwi Mwembamba

Ndugu zangu wa Kunduchi, ngalawa ina mbao pembeni za kuizuia isipinduke. Mtumbwi hauna. Basi mizani ni kiuno chako.

Keti chini kabisa. Uzito ukiwa juu, mtumbwi hulala upesi. Magoti yapanue. Ukiyumba, kiuno kifuate mtumbwi, kichwa kibaki katikati. Mgeni hukaza mwili, akashika kingo zote mbili. Hapo ndipo anapopinduka! Shika kafi, likiwa majini linakushikilia. Tazama mbele, siyo ubavuni.

Jifunzeni kwenye maji ya kiunoni, bahari ikiwa shwari, tena wawili wawili. Mkipinduka msiuache mtumbwi: mti huelea hata ukijaa maji. Ufuko huonekana karibu, kumbe maji yakitoka yanakupeleka nje.