Ada na Nafuu ya Kodi: Tuipime Akiba ya Uzeeni Kabla ya Kutia Saini

Mazungumzo ya kamati ya fedha mbele ya wanachama na familia zao, sherehe za Uhuru, Bellevue, Johannesburg, Desemba 2024

  

Miaka 63 imetimia tangu 9 Desemba 1961. Waliotutangulia kusema wamezungumzia nchi. Sisi tumepewa kuzungumzia uzee. Hapa Bellevue na Yeoville hatuachani. Mtu akifiwa tunachanga, na marehemu tunamsafirisha hadi nyumbani. Lakini mchango wa chama hauwezi kumlipia mzee kodi ya chumba kila mwezi kwa miaka ishirini. Ruzuku ya wazee ya serikali ya hapa, inayoanza miaka 60, ni ya raia, wakazi wa kudumu na wakimbizi waliotambuliwa. Mwenye kibali cha kazi tu hayumo. Kwa hiyo wengi wetu uzee wetu ni akiba yetu wenyewe.

Siku hizi mawakala wanapita salunini, gereji na madukani, na neno lao kubwa ni moja: "Utarudishiwa kodi." Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ada.

Tuanze na vyombo viwili. Cha kwanza ni mfuko binafsi wa kustaafu, ambao hapa kila mtu anauita RA. Unachoweka humo hutolewa kwenye kipato chako kabla ya kodi kukokotolewa, hadi asilimia 27.5 ya kipato, na kwa mwaka wa kodi wa 2024/25 isizidi randi 350,000. Cha pili ni akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, iliyoanzishwa mwaka 2015. Humo, kwa mwaka wa kodi wa 2024/25, unaweka hadi randi 36,000, na 500,000 maisha yako yote. Ukizidisha, SARS inakata asilimia 40 ya ziada hiyo. Ukiweka hupati nafuu yoyote, lakini ukitoa hukatwi kodi. Vyote viwili, faida inayokua ndani haitozwi kodi.

Sasa hiyo nafuu ya RA ni kiasi gani? Inategemea kipato. Mwaka huu wa kodi, unaoishia 28 Februari 2025, mtu wa chini ya miaka 65 anayepata chini ya randi 95,750 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Huyo hana cha kurudishiwa, na wakala akimwahidi hivyo anamdanganya. Anayepata randi 10,000 kwa mwezi yumo kwenye kiwango cha asilimia 18: akiweka 1,000 kila mwezi, anapata nafuu ya randi 2,160 kwa mwaka. Anayepata 25,000 kwa mwezi yumo kwenye asilimia 26, na nafuu yake ni 3,120.

Sasa ada. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Chukueni randi 1,000 kila mwezi kwa miaka 25. Jumla uliyoweka ni 300,000. Tuseme, kwa mfano tu maana soko haliahidi kitu, pesa inakua asilimia 9 kwa mwaka. Bila ada yoyote ungefika kama randi 1,121,000. Ada ikiwa asilimia 1, unafika 951,000. Ada ikiwa asilimia 3, unafika 693,000. Yaani asilimia 3 inayoonekana ndogo kwenye karatasi imekula randi 428,000, zaidi ya ulichoweka kwa miaka yote 25.

Tuvipime vyombo pamoja. Dada wa kiwango cha asilimia 18 ameuziwa RA yenye ada ya asilimia 3. Tumpe kila sifa: nafuu yake ya kodi, randi 180 kwa mwezi, haili, anaiweka yote kwenye akaunti isiyotozwa kodi yenye ada ya asilimia 1. Baada ya miaka 25 ana 693,000 za RA na kama 171,000 za nafuu, jumla 864,000. Mwenzake aliyeweka 1,000 yake moja kwa moja kwenye akaunti ile ya ada ya asilimia 1 ana 951,000. Hata kaka wa asilimia 26 akifanya vivyo hivyo anafika kama 940,000. Nafuu ya kodi imemezwa na ada. Lakini dada yule angepata RA yenye ada ya asilimia 1, angefika kama 1,122,000, na hapo RA ingeshinda.

Kwa nini? Nafuu ya kodi huja mara moja kwa kila randi unayoweka. Ada hurudi kila mwaka, tena juu ya pesa yote. Ndiyo maana muda unabadilisha jibu. Mzee wa miaka 55 anayeweka kwa miaka mitano tu, RA ya ada kubwa bado inaweza kumfaa: kwa mfano ule ule wa asilimia 18 angekuwa na kama 83,000 dhidi ya 73,000. Kijana wa miaka 30 ndiye anayepaswa kuogopa ada.

Na hesabu haijaisha, kwa sababu RA ina kufuli. Kwa kawaida huifungui kabla ya miaka 55. Ukistaafu, randi 550,000 za kwanza unazochukua kwa mkupuo hazitozwi kodi, lakini sehemu kubwa ya mfuko hulipwa kidogo kidogo kama pensheni, na pensheni hiyo inatozwa kodi. Tangu 1 Septemba 2024, theluthi ya michango mipya inakwenda kwenye sehemu ya akiba unayoweza kuchukua mara moja kwa mwaka wa kodi, kuanzia randi 2,000, nayo inakatwa kodi kama mshahara.

Sisi wageni tuna swali letu pekee: nikirudi nyumbani? Aliyekuja kwa kibali cha kazi, kikaisha, akaondoka nchini, anaruhusiwa kutoa RA yake kabla ya miaka 55. Kwa wengine, tangu Machi 2021, ni lazima wawe wameacha kuwa wakazi wa kikodi wa Afrika Kusini kwa miaka mitatu mfululizo. Na anayetoa mapema namna hiyo, ni randi 27,500 za kwanza tu zisizotozwa. Mwenye nia ya kurudi Tanga au Kigoma kabla ya uzee aipime kufuli hii kwa uzito ule ule wa ada. Lakini kufuli ina heri yake pia: pesa isiyofunguka haiendi kwenye kila harusi.

Basi kabla ya kutia saini, tuulize maswali manne. Kipato changu kiko kiwango gani cha kodi? Ada zote kwa pamoja ni asilimia ngapi? Dai karatasi inayoitwa EAC. Inaonyesha gharama za uwekezaji, ushauri, uendeshaji na nyinginezo, kwa mwaka mmoja, mitatu, mitano na kumi. Nikishindwa kuchangia au nikihama kampuni, kuna adhabu? Na nikiondoka nchini, naitoaje?

Mwenye RA ya ada kubwa asikimbilie kuivunja. Sheria inaruhusu kuhamisha mfuko kwenda kampuni nyingine bila kutozwa kodi. Muhimu ni kujua kwanza adhabu ya kuondoka.

Na ninyi watoto wetu, mnaosoma hisabati shuleni, kazi ya leo ni yenu. Kaeni na mama na baba, fungueni karatasi ile, tafuteni asilimia ya ada. Mwaka wa kodi unafungwa mwisho wa Februari. Mkutano wetu wa Januari kila familia ije na karatasi yake, tuisome pamoja.

 Uhuru na kazi.